Dari ya Mahakama ya Kapchemirei

Kapchemirei,
Jumatatu, 12 Februari 2024

Kwa Guka mpendwa,

Pokea salamu nyingi kutoka kwa mjukuu wako Wanjuhi. Natumaini kifua kimepungua na kwamba baridi ya huko Ol Kalou haijakufungia ndani. Mimi ni mzima. Mama anakusalimu kutoka Nakuru. Amepanda sukuma upya kwenye yale magunia baada ya mbuzi wa jirani kumaliza zile za kwanza. Shangazi Rachael aliniambia kwamba siku hizi husikii hata wakikuinamia sikioni, na kwamba ile simu tuliyokununulia umeiweka kabatini ndani ya soksi. Ndiyo maana nimenunua bahasha. Dada wa posta aliniuliza kama naomba kazi.

Guka, huwezi kukisia niko wapi. Niko Kapchemirei. Ofisi yetu ya wachoraji imepewa kazi ya kupima ile mahakama ya zamani. Mahakama mpya ya ghorofa imekamilika ng'ambo ya barabara na hakimu alihamia huko kabla ya Krismasi. Hii ya mawe itabomolewa mwaka huu ili pawe mahali pa kuegesha magari. Lakini kabla ya hapo ni lazima ichorwe yote, kila mlango na kila jiwe la pembe, ibaki angalau kwenye karatasi. Bosi alipouliza nani ataenda, wengine walisema huku kunanyesha sana. Mimi nikainua mkono. Sikumwambia mtu kwamba babu yangu alifanya kazi humo ndani miaka ishirini na tisa.

Nimepanga chumba nyuma ya duka la dawa za mifugo. Mchana nina kelele za kutosha: pikipiki, trekta za majani chai, wateja wa dukani. Saa kumi na mbili kila mtu anakwenda kwake na mimi nabaki na tepu yangu. Wakiniuliza jina nasema Wanjuhi, wanasikia ni la Kikuyu, na mazungumzo yanakuwa mafupi kidogo. Si kwa ubaya. Yanakuwa mafupi tu.

Jengo lenyewe ni zuri kuliko nilivyotarajia. Mawe yamechongwa kwa mkono, ukipitisha kidole unasikia alama za patasi. Veranda ina nguzo sita za mtarakwa, na juu ya mlango wa mbele kuna upinde na mwaka, 1938. Lakini kuna mambo siyaelewi. Kwa nini mlango wa pembeni ni mfupi hivi? Nimeshajigonga mara mbili. Kwa nini madirisha yako juu sana, mtu hawezi kuona nje? Na wewe ulikuwa unasimama wapi?

Niandikie, Guka. Nina maswali mengi na hapa hakuna wa kumuuliza isipokuwa mlinzi, Mokaya, ambaye alifika mwaka jana.

Ni mimi mwenye jina la cucu,
Wanjuhi


Ol Kalou,
3 Machi 2024

Kwa Wanjuhi, mwenye jina la mke wangu,

Nakusalimu katika jina la Bwana. Barua yako ilifika siku kumi baada ya kuandikwa, ambayo si mbaya. Kifua kimetulia. Baridi ya alfajiri imechoma viazi vya Rachael upande wa mtoni, lakini vya juu viko salama. Mbwa alikufa. Sikujua mpaka asubuhi, maana hata akilia usiku mimi sisikii. Mchumba wako Noah hajambo? Mwambie namsubiri aje na wazee wake.

Nilisoma barua yako mara nne. Ni muda mrefu tangu mtu aniulize jambo ambalo mimi nalijua na yeye halijui.

Kabla ya 1938 wazee wa baraza walikuwa wakikaa katika nyumba ya udongo iliyoezekwa kwa nyasi, pale penye miti ya mikaratusi. Mawe yalichimbwa ukingoni mwa mto na kuletwa kwa mikokoteni ya ng'ombe. Mwashi mkuu alikuwa Mhindi, na wachongaji wengi walitoka Kisii. Haya niliambiwa na karani niliyemkuta. Madirisha yaliwekwa juu kwa sababu katika ile nyumba ya udongo watu walisimama nje na kuwanong'onezea mashahidi. Kuhusu mlango mfupi, wengi watakuambia ulifanywa hivyo ili mshtakiwa ainame mbele ya sheria. Karani aliniambia mwashi aliishiwa na mawe marefu ya lenta, yale ya kulaza juu ya mlango. Chagua mwenyewe.

Mimi niliajiriwa mwaka 1971, nikiwa na miaka ishirini na sita, kwa sababu ya ulimi wangu. Nilizaliwa Chepseon nikacheza na watoto wa Kipsigis, na lugha yao sikujifunza, niliikuta tu kinywani. Hakimu akisema kwa Kiingereza, mimi nilimpelekea mshtakiwa kwa Kikipsigis au Gikuyu au Kiswahili, na cha mshtakiwa nikampelekea hakimu. Mahali pangu ni kile kijukwaa cha saruji kilichoinuka inchi sita, kati ya meza ya hakimu na kizimba. Usisahau kukichora. Wengine hudhani ni ngazi.

Usitembee jioni peke yako huko.

Guka wako,
Zacheus Kuria


Kapchemirei,
Ijumaa, 22 Machi 2024

Guka mpendwa,

Habari za huko? Pole kwa mbwa. Mama anasema atakutumia sweta kupitia kwa Shangazi. Mvua ya hapa imeanza rasmi. Kila siku saa nane mawingu yanashuka juu ya majani chai na saa tisa hakuna mtu barabarani.

Kijukwaa nimekichora. Kina urefu wa futi tatu na upana wa mbili, na saruji yake imelika katikati kama bakuli. Nilisimama hapo dakika kadhaa nikiwa na daftari. Mokaya akaniuliza kama nimepoteza kitu.

Sasa nikuambie jambo. Kuna mtu anaitwa Kipsang ambaye huja kukata nyasi za ng'ombe wake katika uwanja wa mahakama. Ana karibu miaka sitini, mrefu, anavaa koti la mvua la rangi ya chungwa lililochanika begani. Alikuwa ananisalimu kila asubuhi, "Chamgei," na kuendelea na kazi yake. Jumanne aliweka panga mlangoni akaingia. Akauliza kama ni kweli watabomoa. Nikamwambia ni kweli. Akauliza kama anaweza kusimama kizimbani.

"Kwa nini?" nikamuuliza.

"Nilisimama hapa mwaka wa themanini na tisa," akasema. "Nataka kuona kama ilikuwa ndogo hivi."

Akapanda. Akashika ule ubao wa mbele kwa mikono miwili. Halafu akanieleza, bila hasira, kama mtu anayesoma kitu. Alikuwa mchuma chai kwenye shamba kubwa, na ng'ombe wa shamba alipotea jioni moja akaingia katika boma la mama yake. Yeye akamfunga ili amrudishe asubuhi. Kabla asubuhi haijafika vizuri, askari wa shamba walikuwa mlangoni. Alipoletwa hapa akasomewa mashtaka.

"Mimi nikasema, ni kweli, ng'ombe ilikuwa kwetu, lakini iliingia yenyewe na mimi nikaifunga niirudishe," akaniambia. "Nilisema maneno mingi. Ile ilifika kwa hakimu ni mbili tu. Ni kweli. Basi. Akaandika nimekubali. Miaka tatu."

Mama yake alikufa yeye akiwa jela. Aliambiwa na askari jela wiki mbili baada ya mazishi. Alipotoka, nyumba aliyopewa na kampuni ya chai ilikuwa ya mtu mwingine, na msichana aliyekuwa amemchumbia alikuwa na mtoto Chepalungu. Anaishi peke yake na ng'ombe wawili.

Nikamuuliza mkalimani alikuwa nani.

"Mkikuyu mmoja mrefu," akasema. "Alijua lugha yetu kutuliko. Ndiyo mimi sikuogopa. Nilisema, huyu atanisaidia."

Sikumwambia chochote, Guka. Nilijifanya napima dirisha. Unaikumbuka kesi hiyo?

Wanjuhi


Ol Kalou,
6 Mei 2024

Kwa Wanjuhi,

Salamu. Nimechelewa kujibu kwa sababu ya kazi za shamba na pia kalamu. Rachael amevuna njegere magunia mawili. Kanisani tumepata mchungaji mpya, kijana, anafungua mdomo vizuri na ninamfuata kidogo. Sweta limefika, ni kubwa lakini litafaa. Hukuniambia lolote kuhusu Noah.

Umeuliza mengi kuhusu jengo, kwa hiyo nikueleze habari ya paa. Paa la mabati lilipigwa mwaka 1938 bila dari. Kericho na Bomet unajua mvua yake, na mvua ya mawe ndiyo mbaya zaidi. Ikianza kupiga yale mabati, hakimu anaona midomo ikicheza tu. Mara nyingi kesi iliahirishwa. Mara nyingine, kama hakimu ana haraka, haikuahirishwa. Watu walisema, na maneno yakapotelea juu.

Mwaka 1989 ulikuwa na mvua nyingi. Kama mtu huyo alisema maneno ambayo hayakufika, basi yalizuiwa na kelele za paa. Mimi siikumbuki kesi yake. Kwa siku tulikuwa na kesi hata thelathini. Hakuna mtu wa kulaumiwa hapo isipokuwa aliyejenga ukumbi wa kusikiliza watu na kusahau kuufunika kwa ndani.

Usimwambie jina langu. Si kwa kuogopa. Watu wa huko walitufanyia ya kutosha katika fujo za uchaguzi za mwaka 2008, unajua mwenyewe masikio yangu yaliharibikia wapi, na sitaki uwe peke yako kwenye kituo hicho na mtu mwenye kinyongo.

Maliza kazi urudi Nakuru.

Guka wako


Kapchemirei,
Jumatatu, 27 Mei 2024

Guka,

Hujambo? Sisi sote wazima. Mama ameanza kwaya.

Nimekaa na barua yako wiki nzima kabla ya kuijibu, kwa sababu kila nikianza naandika kama mpelelezi na mimi ni mjukuu wako tu.

Dari ipo, Guka. Ukumbi mzima una dari ya mbao. Wiki iliyopita nilipanda juu kupitia kile kishimo kilicho katika ofisi ya karani ili nipime kenchi za paa. Juu ya mbao za dari wamemwaga vumbi la msumeno, unene wa kiganja kizima, kutoka ukuta hadi ukuta. Mwanzoni nilidhani ni takataka za mafundi. Nilipolifagia kidogo nikaona mbao moja imeandikwa kwa penseli: "Ogeto, fundi. Dari na vumbi la kuzuia mvua. Juni 1984."

Nilitaka niwe na hakika kabla ya kukuandikia. Alhamisi ilianguka mvua ya mawe, punje kubwa kama maharagwe, uwanja ukawa mweupe. Nilimwomba Mokaya asimame kizimbani na aseme chochote kwa sauti ya chini. Mimi nikasimama kwenye kijukwaa chako. Akasema mke wake amekasirika kwa sababu hakwenda harusi ya shemeji. Akasema tena, akiwa ameinamisha kichwa, kwamba hata yeye hakuipenda hiyo harusi. Nilisikia kila neno.

Mwaka 1989 hiyo dari ilikuwa na miaka mitano.

Kipsang anakuja kila siku. Jana aliniletea maziwa kwenye chupa ya soda, akaiweka dirishani akaondoka. Nayanywa na chai na sijui nimtazame vipi.

Sikuulizi kwa ubaya. Wewe ndiye uliyenifundisha kusoma, pale jikoni Chepseon, kwa gazeti la kufungia sukari. Niambie tu.

Wanjuhi


Kapchemirei,
30 Julai 2024

Guka mpendwa,

Hakuna barua. Juni sikuipata, Julai inaisha. Shangazi Rachael anasema uko mzima, unakula, unakwenda kanisani, na kwamba barua yangu ilifika kwa sababu aliiona mezani ikiwa imefunguliwa. Basi najua umesoma.

Sitarudia swali. Nakuandikia kwa sababu ni jioni, ukungu umeingia mpaka mlangoni, na nimezoea kukuandikia.

Umeniuliza kuhusu Noah mara mbili na mara mbili nimeruka. Noah ameoa, Guka. Alioa Desemba, Eldoret. Niliinua mkono kuja huku kwa sababu huku hakuna mtu angeniuliza. Mama hajui. Anadhani Noah ana kazi nyingi.

Kazi ya michoro imebaki kidogo. Mafundi watatoa mabati wiki ya pili ya Septemba, halafu kuta. Kipsang ameuliza jina langu lote. Nikasema Wanjuhi Muchiri, jina la baba, nikaacha hapo. Kuria sikulitaja. Kwa hiyo mimi na wewe sasa tunafanana.

Jifunike vizuri usiku.

Wanjuhi


Ol Kalou,
19 Agosti 2024

Kwa Wanjuhi, mjukuu wangu,

Nakusalimu. Habari ya Noah imeniuma. Sitamwambia mama yako. Hilo ni lako kulisema. Lakini nimesikitika kwamba ulikuwa unaniuliza maswali ya mlango na madirisha ukiwa na hilo moyoni.

Hukuniuliza tena, na hiyo ndiyo iliyonifanya nichukue kalamu.

Mwaka 1986 nilipata ugonjwa wa sikio la kushoto. Lilitoa usaha miezi miwili. Daktari alilitazama akaniambia ngoma ya sikio imeisha, halitasikia tena. La kulia lilikuwa zima. Nilikuwa na miaka arobaini na mmoja, baba yako ameingia sekondari mwaka huo huo, na kazi yangu yote duniani ilikuwa kusikia. Sikumwambia karani. Sikumwambia hakimu. Cucu wako peke yake ndiye aliyejua, na tangu siku hiyo mpaka kufa alitembea kulia kwangu, hata kwenye njia nyembamba za Chepseon ambapo alilazimika kukanyaga tope.

Umekichora kile kijukwaa. Umeona kwamba ni cha saruji, hakisogezwi. Ukisimama hapo umwelekee hakimu, kizimba kiko kushoto. Ningeweza kugeuka, lakini hakimu hapendi kupewa kisogo. Kwa hiyo niliishi kwa macho. Miaka kumi na minne nilisoma midomo ya watu kwa kona ya jicho, na nilikuwa hodari, Wanjuhi, hakuna aliyenishuku.

Kipsang namkumbuka. Nilikudanganya. Hakukuwa na mvua siku hiyo, jua lilikuwa linaingia kwa yale madirisha ya juu. Asubuhi hiyo nilikuwa nimeshaomba maneno yarudiwe mara mbili, na inspekta mwendesha mashtaka akacheka, akauliza, "Mkalimani, leo umelala?" Watu wote wakacheka. Halafu akaletwa huyu kijana. Nikamsomea mashtaka. Akasema, "Ni kweli," kwa sauti, nikasikia. Kisha akainamisha kichwa, kama vijana wao wanavyofanya mbele ya mkubwa, kwa heshima. Midomo ikafichika. Nilijua anaendelea kusema. Niliona koo lake likicheza. Ningesema, "Mheshimiwa, naomba arudie." Sikutaka kuchekwa mara ya tatu. Nikasema, "Anasema ni kweli."

Maelezo ya kesi yaliposomwa aliulizwa tena. Safari hii hakuinama. Aliinua kichwa akanitazama mimi, si hakimu. Alikuwa ananingoja nimalize yale aliyokwisha kusema. Nikasema tena, "Ni kweli."

Wako wengine, bila shaka. Sijui ni wangapi. Yeye ndiye ninayemjua.

Na la 2008 pia nikueleze, maana nyote mmekua mkilibeba. Hakuna mtu aliyenipiga Chepseon. Jirani yetu wa Kipsigis alitutoa kupitia shamba lake la chai mpaka kanisani, mimi na cucu. Sikio la kulia lilidhoofika polepole kwa uzee. Watoto waliposema, "Baba alipigwa masikio kule," nilinyamaza. Ilikuwa rahisi zaidi kuwa mtu aliyeonewa.

Ndani ya bahasha hii kuna karatasi nyingine. Ni ya Kipsang. Nimeiandika kwa Kikipsigis kwa sababu ni kwa lugha hiyo nilimkosea. Mpe, na umwambie wewe ni nani. Mimi nikiwa na nguvu nitakuja mwenyewe, akikubali.

Zacheus Kuria


Kapchemirei,
Jumapili, 29 Septemba 2024

Guka wangu,

Natumaini barua hii itakukuta mzima. Nilimpigia Mama nikamwambia kuhusu Noah. Akauliza kama nakula. Shangazi anasema umepungua. Kula, tafadhali.

Nilikaa na karatasi yako siku nne kabla ya kumpa. Jumatano ya tarehe kumi na moja mafundi walikuwa wameshatoa mabati na dari. Vumbi la msumeno la Ogeto lilitanda kwenye sakafu nzima. Kipsang aliingia kuokota mbao za kutengenezea zizi. Nilimpa kiti, mimi nikakaa kwenye ndoo iliyogeuzwa, nikampa karatasi.

Aliiangalia, akaigeuza. "Hii mwandiko imelala," akasema. "Mimi nilifika darasa la tatu. Soma wewe."

"Ni Kikipsigis. Mimi sijui."

"Soma vile imeandikwa. Mimi nitajua."

Basi nikasoma, Guka. Kurasa mbili, neno kwa neno, na sikuelewa hata moja. Mara ya kwanza alicheka jinsi ninavyotamka. Kisha akaacha kucheka. Mahali fulani katikati ya ukurasa wa kwanza aliinua mkono akasema, "Rudia hapo." Nikarudia. "Tena." Nikarudia tena. Nilipofika mwisho nikasoma jina lako, na hilo nililitamka vizuri.

Akaniuliza, "Unajua umesema nini?"

"Najua kidogo. Aliniandikia na mimi."

Hata hivyo akaanza kunifasiria, pole pole, kwa Kiswahili, akiangalia karatasi kana kwamba anaisoma. Hakuruka kitu. Alipofika pale kwa sikio akagusa lake la kushoto. Alipofika pale uliposema alikuwa anakungoja, akasema, "Hii ni ukweli. Nilikuwa namngoja." Nilipokea kila neno kutoka kwake, kama watu walivyokuwa wakipokea kutoka kwako.

Halafu akauliza, "Na wewe ni nani yake?"

"Mjukuu. Mimi ni Wanjuhi Muchiri Kuria."

Alivuta kiti nyuma, hatua moja. Akakunja karatasi, akaiweka ndani ya koti la mvua, akaondoka. Mbao aliziacha.

Hakuja kesho yake wala wiki iliyofuata. Nyasi za uwanjani zilifika magotini. Kila asubuhi nilifika mapema, nikajiambia ni kwa sababu ya kazi. Kuta zilianza kuangushwa. Kijukwaa chako kiliwashinda kwa nyundo, wakaleta mashine. Nilikuwa nimeshakichora, lakini niliposikia kile chuma kinaingia kwenye saruji nilitoka nje nikaenda kusimama barabarani.

Jana alikuja. Hapakuwa na ukumbi wa kuingia, kwa hiyo tulisimama kwenye mawe yaliyorundikwa. Aliniambia kwamba siku hizo zote alikuwa amekaa nyumbani na hasira, hata ng'ombe waliogopa. Alisema mama yake alikufa akiamini mwanawe alikiri. Watu wa kijiji walimwambia hivyo, amekiri mwenyewe mbele ya hakimu, na mama akaziona siku zake za mwisho akiwa na aibu. "Hiyo hawezi kuitoa," akasema. "Mwambie hiyo hawezi."

Nikamwambia nitaandika.

Akageuza jiwe kwa mguu. Kisha akasema jambo ambalo sikulitarajia. Alisema Kikipsigis chako ni cha wazee. Kuna maneno ndani ya barua ambayo hajayasikia tangu mama yake alipokuwa hai, na ilimbidi amuulize mzee mmoja wa Kaplong maana ya neno moja. "Huko aliko," akaniuliza, "anaongea na nani?"

Nikamwambia hakuna mtu. Nikamwambia husikii, na kwamba hata ukisikia, Ol Kalou hakuna wa kukujibu kwa lugha hiyo.

Alitikisa kichwa. Nilidhani amemaliza. Alikuwa ameshafika kwenye geti aliporudi.

"Asikuje," akasema. "Mimi sitaki kumwona. Lakini aandike tena. Kuna mambo nataka kumuuliza. Na aandike herufi imesimama, nisome mwenyewe."

Kwa hiyo nimekutumia daftari pamoja na barua hii. Ni la watoto wa darasa la kwanza, lile la mistari miwili miwili. Tumia kurasa zote. Anwani yake ni ya posta ya Kaplong, nimeiandika kwenye jalada la ndani.

Ni mimi,
Wanjuhi